Hesabu ya Saa Si Siri ya Ofisi

Katika viwanda, mahoteli, maghala na ofisi nyingi za nchi yetu siku hizi, daftari la mahudhurio limeondolewa mezani, na mahali pake pamewekwa mashine ndogo ukutani ambayo mfanyakazi huigusa kwa kidole anapoingia na anapotoka. Mashine hiyo hupeleka habari zake katika kompyuta ya ofisi ya utumishi, na huko hukusanywa katika kanzidata, yaani daftari kubwa la kompyuta lenye safu na mistari, linalojumlisha saa za kila mtu na kumpa karani wa mishahara hesabu iliyokwisha kamilika. Mwisho wa mwezi mfanyakazi hupewa karatasi yenye tarakimu moja ya saa za kawaida na nyingine ya saa za ziada. Akiuliza imekuwaje saa zake zikapungua, hujibiwa kwa maneno machache: "Mfumo ndivyo unavyoonyesha."

Sisi tunasema kwamba jibu hilo si jibu. Mfumo haukumwona mtu akifanya kazi, wala haujui haki wala dhuluma. Hufuata kanuni iliyoandikwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na tajiri aliyemlipa, na pengine hakuwahi kukanyaga katika kiwanda kinachohesabiwa. Basi la kuulizwa ni hili: kanuni hiyo imeandikwa na nani, inasema nini, na wafanyakazi wameonyeshwa lini?

Hatusemi hayo kwa kuichukia mashine. Daftari la kalamu lilikuwa na uovu wake, na wanaolilia lirudi wamesahau upesi. Mtu alimsainia mwenziwe aliyelala nyumbani. Nyapara mwenye chuki alipiga mstari mwekundu juu ya jina la asiyempenda. Na aliyekuja asubuhi mapema alikuta amekwisha andikwa mtoro. Mwaka 2016 Serikali ilipokagua orodha zake za mishahara ilitangaza kwamba imewakuta watumishi hewa zaidi ya 10,000, yaani majina yanayolipwa pasipo watu. Kidole hakiazimwi. Kwa jambo hilo mashine imeleta faida, na yafaa tuseme hivyo waziwazi. Lakini kidole huthibitisha kwamba mtu alifika na kwamba aliondoka. Yanayotokea kati ya kidole na mshahara ni mambo mengine kabisa, nayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo.

Lugha yetu yenyewe imetunza kumbukumbu ya shauri hili. Kibarua, kabla ya kuwa jina la kazi ya kutwa na la mtu aifanyaye, kilikuwa barua ndogo, kikaratasi cha kuthibitisha kazi. Na kipande cha mashamba ya mkonge ya Tanganyika kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Mtu akimaliza kazi aliyopimiwa, nafasi moja ilitiwa alama, na mshahara ulitoka kadi ilipojaa. (Kipande cha Kenya kilikuwa kingine: kile kilikuwa kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kukibeba, wengi wakikivaa shingoni, ili asiweze kumwacha tajiri wake pasipo ruhusa.) Kipande cha mkonge kilikuwa chombo cha ukoloni na kilidhulumu wengi, kwani siku ambayo kazi haikukamilika haikutiwa alama hata kama jasho lilikwisha kumwagika. Hata hivyo kilikuwa na jambo moja ambalo karatasi ya leo haina. Mwenyewe alikiona. Aliweza kuketi jioni mbele ya chumba chake kambini akazihesabu alama, kumi na saba, kumi na nane. Na akijua kwamba jana zilikuwa kumi na nane, karani hakuweza kumwambia leo kwamba ni kumi na saba. Mfanyakazi wa leo huonyeshwa jumla peke yake. Alama zenyewe zimefungwa ndani ya kompyuta, na neno la siri la kuifungulia liko kwa afisa mmoja.

Kabla ya kuzitazama hesabu zinavyopotoka, hatuna budi kukumbusha sheria inavyosema, maana wengi wetu huisikia kwa masikio tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, na siku 6 kwa wiki. Saa za ziada, au ovataimu kama wengi wanavyoziita, hufanywa kwa makubaliano, hazipiti 50 katika wiki nne, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kazi ya usiku, baina ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, huongezewa asilimia 5 kwa kila saa. Anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 hupewa mapumziko ya dakika 60. Na ili kupata thamani ya saa moja katika mshahara wa mwezi, sheria huhesabu mwezi kuwa wiki 4.333; basi saa 45 kwa wiki huwa saa 195 kwa mwezi. Mwenye mshahara wa shilingi 390,000 saa yake moja ni shilingi 2,000, na saa yake ya ziada ni shilingi 3,000. Tutamchukua huyo awe kipimo chetu.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Iko kasoro moja ndogo ambayo hata mtoto wa shule angeiona, nayo ni kuchanganya dakika na sehemu za kumi. Saa 7 na dakika 30 ni saa saba na nusu, yaani 7.5. Karani asiyefundishwa huandika 7.30, kwa kuwa ndivyo saa ya ukutani inavyosomeka, na kompyuta huipokea kuwa saa 7 na sehemu tatu za kumi, yaani saa 7 na dakika 18. Dakika 12 zimepotea. Kwa siku 26 za mwezi ni saa 5 na dakika 12, na kwa mfanyakazi wetu ni shilingi 10,400, ambazo hakuna aliyekusudia kuziiba wala hakuna atakayeona zimekwenda wapi.

Ya pili ni ya ajabu zaidi. Programu nyingi za majedwali huihesabu saa kuwa sehemu ya siku: saa 6 ni robo, saa 12 ni nusu. Wiki inapojumlishwa na kufika saa 45, mashine huona siku moja na saa 21, na kama haikuagizwa vinginevyo, huonyesha 21 peke yake, ile siku moja ikibaki upande wa tarehe. Mtu aliyetimiza wiki nzima huonekana amefanya kazi kidogo kuliko aliyekuja siku tatu. Kosa hili husahihishwa upesi kwa sababu ni kubwa mno, nalo halitutishi sana. Yanayotutisha ni makosa yanayofanana na ukweli.

Na hapo ndipo usiku unapoingia. Mtu wa zamu huingia saa nne usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili hakuna taabu: toa nne katika kumi na mbili, zinabaki nane. Lakini kompyuta huhesabu siku tangu usiku wa manane, nayo huziita saa hizo 22 na 6. Ikiambiwa itoe 22 katika 6 hupata 16 chini ya sifuri. Fundi mwenye haraka, akiona majibu ya chini ya sifuri yanaharibu ripoti yake, huiagiza mashine iyafanye yote kuwa sifuri, na hapo mtu aliyekesha huandikwa kwamba hakufanya kazi. Fundi mwingine huukata usiku katikati: saa 2 tarehe hii, saa 6 tarehe ifuatayo. Jumla imetoka sawa, naye huridhika. Lakini mchukueni aliyefanya kazi tangu saa kumi na mbili jioni hata saa kumi na mbili asubuhi: usiku wake umekatwa kuwa mistari miwili ya saa 6, na kila mstari ukipimwa peke yake, hakuna uliozidi saa 9. Saa zake za ziada zimetoweka kwa kukatwa kisu, na karatasi yake ni safi kabisa.

Tusijisifu mno kwa saa yetu, kwani nayo ina mipaka yake alfajiri na magharibi, na tena imeleta mkanganyiko wake mpya. Karani anayeandika kwa mkono yale ambayo mashine ya kidole haikuyapata, umeme ulipokatika, huandika kama anavyosema: aliingia 2, akatoka 11. Kompyuta hudhani aliingia saa nane usiku na kutoka saa tano asubuhi. Saa ni tisa vilevile, lakini sasa amepewa asilimia ya usiku ambayo si yake, na siku mkaguzi atakapokuja atakatwa fedha na kuitwa mdanganyifu. Mwenziwe aliyeingia 2 asubuhi akatoka 1 jioni, saa kumi na moja kamili za kazi, huandikwa moja chini ya sifuri. Dawa yake ni nyepesi nayo yajulikana na kila fundi mwaminifu: kila kuingia na kila kutoka kuandikwe pamoja na tarehe yake, kwa saa za mfumo wa 24, na dakika zijumlishwe zikiwa dakika nzima mpaka mwisho, ndipo zigawanywe kwa 60.

Lakini yapo mambo ambayo ufundi hauyaponyi, kwa kuwa si makosa ya ufundi. Katika mahali pengi kompyuta imeagizwa ipunguze dakika 60 za mapumziko kila zamu, mtu apumzike asipumzike. Sheria haimlazimishi mwajiri kuyalipia mapumziko, ni kweli. Lakini sheria hiyohiyo yasema kwamba mfanyakazi akitakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi wakati huo, sharti alipwe. Mtazameni mwangalizi wa boila, ambaye yuko peke yake na ambaye akiondoka kwa dakika kumi anaweza kuleta maafa. Hula chakula chake akiwa amesimama, jicho liko kwenye kipimo cha mvuke. Zamu yake ni ya saa 8 na nusu kwa siku 6, yaani saa 51. Mashine huipunguza saa moja kila siku na kuandika 45 kamili, wala hakuna saa ya ziada hata moja. Saa 6 kwa wiki, kwa shilingi 3,000 kila moja, ni shilingi 18,000, na hiyo bila ya kuhesabu asilimia ya usiku. Nani aliiambia mashine kwamba mtu huyu alipumzika? Hakuna aliyemwuliza.

Kadhalika hesabu ya kuzungusha dakika. Mashine huweza kuagizwa izungushe kila muda kwa robo saa iliyo karibu, na hilo likifanywa kwa haki pande zote mbili, leo atapata tajiri na kesho atapata mfanyakazi. Lakini ikiagizwa kwamba aingiaye dakika 3 baada ya saa ahesabiwe dakika 15, na atokaye dakika 14 baada ya saa ahesabiwe hakukaa, hapo hakuna tena kuzungusha. Ni kunyofoa. Na wapo wanaojumlisha saa kwa mwezi mzima badala ya wiki: wiki hii mtu amefanya saa 55 kwa sababu mzigo ulifika, wiki ijayo amerudishwa nyumbani na kufanya 35, na jumla ya wiki mbili ni 90, kana kwamba hapakuwa na saa 10 za ziada. Sheria inaruhusu kuweka wastani, lakini kwa mkataba wa pamoja ulioandikwa na kukubaliwa. Hairuhusu wastani uliowekwa kimya kimya na fundi wa kompyuta.

Mengi katika hayo, tunavyoamini, hayatokani na njama. Programu imenunuliwa ng'ambo ikiwa imekwisha wekewa sheria za nchi nyingine, wiki ya saa 40 au 48, usiku unaoanza saa nyingine. Ikafungwa hapa, ikawashwa, na hakuna aliyeibadilisha. Hata mwajiri mwema huumia, maana hulipa asiyostahili kulipa. Lakini wafanyakazi hawali nia njema. Na tumeona pia kwamba kosa linalompunguzia mwajiri fedha hugunduliwa wiki ileile, na lile linalompunguzia mfanyakazi huishi miaka.

Si sisi peke yetu tunaoshindana na jambo hili. Mashine za kuandika saa za wafanyakazi zilianza kutengenezwa Marekani, katika mji wa Auburn, jimbo la New York, ambako sonara mmoja aitwaye Willard Bundy alibuni yake mwaka 1888; na kampuni iliyouza mashine za namna hiyo iliunganishwa na nyingine mwaka 1911 na kuwa ile iliyoitwa IBM tangu mwaka 1924. Kwa hiyo ukoo wa kompyuta na ukoo wa saa ya kiwandani ni ukoo mmoja. Huko huko Marekani, mwaka 2018, Mahakama ya Juu ya jimbo la California ilitoa hukumu juu ya mfanyakazi wa Starbucks ambaye kila usiku, baada ya kujiandikisha kwamba ametoka, alitakiwa kutuma hesabu za mauzo, kufunga mlango na kuwasindikiza wenzake mpaka kwenye magari yao. Zilikuwa dakika chache kila siku. Kwa miezi 17 zilifika saa 12 na dakika 50, thamani yake dola 102 na senti 67. Mwajiri alisema ni vitu vidogo visivyostahili kuhesabiwa. Mahakama ilikataa kumkubalia, kwa kuwa kazi hiyo ilitakiwa kila mara.

Hukumu yenye uzito zaidi kwetu ni ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ya tarehe 14 Mei 2019, katika shauri la chama cha wafanyakazi cha Hispania, Comisiones Obreras, dhidi ya Deutsche Bank. Chama hakikudai fedha. Kilidai kwamba benki iandike saa za kila siku za kila mtu, ili ijulikane kama ukomo wa sheria unafuatwa. Mahakama ilikubali, ikasema kwamba nchi wanachama sharti ziwatake waajiri kuweka mfumo wa kupima saa za kila siku ulio wa haki, wa kuaminika, na unaofikiwa na wenyewe. Neno hilo la mwisho ndilo tunalolishika. Mfumo usiofikiwa na mfanyakazi hata ukihesabu sawasawa haumpi uthibitisho wowote.

Twaja sasa kwa matawi ya vyama vya wafanyakazi. Mikataba ya hali bora inayofanywa viwandani huzungumza juu ya nyongeza ya mshahara, usafiri, chakula na matibabu ya familia, na ni vizuri. Ni mara chache kuona kifungu kinachosema saa zitahesabiwaje. Twapendekeza kifungu hicho kiwekwe, tena kiandikwe kwa Kiswahili ambacho kila mwanachama ataweza kukisoma: wiki inaanza siku gani na saa ngapi, zamu inayovuka usiku wa manane ni ya tarehe ipi, nasi twaona yafaa iwe nzima ya tarehe iliyoanzia, dakika zinazungushwaje, au hazizungushwi, mapumziko yanapunguzwa kwa ushahidi gani, na waangalizi wa mitambo wasioweza kuiacha kazi yao wanahesabiwaje. Kiongozi wa tawi apewe haki ya kumleta fundi anayemwamini kuitazama kanuni iliyo ndani ya kompyuta. Waajiri watasema hiyo ni siri ya biashara. Bei ya malighafi yaweza kuwa siri ya biashara. Namna ya kujumlisha saa za mtu haiwezi.

Na jambo la masahihisho. Kila mfumo huhitaji kusahihishwa, maana umeme hukatika na vidole vya wajenzi na wakata mkonge huchubuka mpaka mashine isivitambue. Lakini msimamizi akifuta mstari na kuandika mwingine, ule wa kwanza usipotee. Kanzidata yaweza kuutunza, pamoja na jina la aliyeubadilisha, tarehe na sababu, wala haigharimu chochote cha maana. Mahali ambapo mstari wa kwanza hupotea, mashine imerudi kuwa daftari lile lile la nyapara, ila kwamba wino wake mwekundu hauonekani.

Yote hayo ni bure ikiwa karatasi ya saa, yenye kila kuingia na kila kutoka, haimfikii mwenyewe mapema. Twataka itolewe kila wiki, kwa kuchapishwa au kwa simu, na kila mfanyakazi ailinganishe na daftari lake dogo la mfukoni ambalo ameandika mwenyewe. Maana anayedai malipo yasiyolipwa hupewa siku 60 tangu mgogoro ulipozuka kulipeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwangalizi wetu wa boila akigundua mwezi Desemba kwamba saa zake za Julai zilipunguzwa, itambidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze kwa nini alichelewa. Na hatakuwa na la kueleza ila kwamba mpaka siku hiyo alikuwa ameonyeshwa tarakimu moja tu.